Nafasi ya Tatu kwenye Karatasi ya Bi. Generosa

Ifikapo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Generosa Chilewa atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili, mwezi mmoja na siku kumi na moja katika utumishi wa Kituo chetu cha Mafunzo ya Uinjilisti, Kiponda. Siku hiyo saa tisa alasiri atakabidhi funguo za kabati la chuma na kwenda kupumzika nyumbani kwake Chukwani.

Ndivyo wasifu wa namna hii unavyoanza, nami sina sababu ya kuuanza vingine. Lakini msomaji ajue mapema kwamba ninapoanza kuandika, hati yake ya heshima ipo mezani kwangu bila saini, na si kwa uzembe wa ofisi. Ameizuia mwenyewe. Amesema hatapokea heshima yoyote mpaka majirani watatu waulizwe juu yake, kama yeye alivyouliza juu yetu sote. Wawili wameshajibu. Wa tatu ni Bi. Mwatima wa Jang'ombe, na sababu ya Bi. Mwatima kuhesabiwa jirani wa mtu anayekaa Chukwani ndiyo habari yenyewe.

Alikuja Kituoni Jumatano ya tarehe 19 Mei 1993, akiwa na miaka ishirini na minane, binti wa fundi mwashi wa kutoka Newala aliyehamia Ng'ambo kabla yeye hajazaliwa. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Meza aliyopewa ilikuwa na miguu mitatu, na mguu wa nne ulikuwa matofali mawili ambayo, kama mnavyojua, yapo mpaka leo kwa sababu amekataa yaondolewe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga chapa vyeti na barua za sifa. Kila mwaka, kabla ya ibada ya kuwatuma wahitimu, wachungaji huleta barua za kuwasifia vijana wao, na kila barua husema kijana ni mnyenyekevu, mwaminifu na mwenye wito. Alipiga chapa maneno hayo hayo kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne akamwuliza mkuu wa Kituo swali ambalo mpiga chapa hakutarajiwa kuuliza: hawa wote wamesemewa kanisani, je, huko mtaani wanakolala ameulizwa nani? Mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa mzaha. Alimwambia kama ana hamu hiyo aende akaulize mwenyewe, na bila shaka alidhani mazungumzo yamekwisha. Bi. Generosa alichukua mwavuli wake akaenda.

Hapo ndipo ilipoanza Karatasi ya Majirani. Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki nitaieleza kwa ufupi. Ni karatasi moja yenye jina la mwanafunzi na nafasi tatu. Kila nafasi ni ya jirani mmoja asiyekuwa wa kanisa letu, na katika kisiwa chetu maana yake karibu kila mara ni Mwislamu. Swali ni moja: je, mtu huyu anafaa kutumwa kwa watu? Majibu ni mawili, anafaa au arudishwe. Nafasi moja tu ikiandikwa "arudishwe", mwanafunzi hatumwi mwaka huo, hata kama anaisoma Zaburi yote kwa kichwa. Anarudi mtaani kwake, na mwaka unaofuata anaulizwa upya.

Nimehesabu makaratasi yaliyomo kabatini. Yapo mia nne na kumi na moja. Waliorudishwa ni sitini na watatu, na mmoja wao ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa wa pili darasani, nikijiona mtu. Jirani yangu Mzee Hamid, aliyekuwa akikaa barazani kwake kila asubuhi na redio yake, aliulizwa juu yangu akajibu kuwa hanijui, basi arudishwe. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka miwili, kila siku ya Mungu, nikiharakisha kwenda kujifunza upendo wa jirani. Bi. Generosa alinisomea jibu lile bila kucheka, na nadhani angecheka ningemchukia kidogo kuliko nilivyomchukia. Mwaka mzima uliofuata nilimsalimia Mzee Hamid asubuhi na jioni. Mwanzoni aliitikia kwa mashaka. Mwishoni alikuwa akinituma dukani. Nilipotumwa hatimaye, ndiye aliyenipa shuka la safari, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba maji ya kuoshea.

Yapo mengine ya kuchekesha, na sherehe inayataka, basi niyatoe. Mwanafunzi mmoja aliona taabu kuzunguka, akajaza nafasi zote tatu mwenyewe kwa kalamu moja. Alibadilisha mwandiko vizuri, lakini jirani mmojawapo, Mzee Mcha wa Kikwajuni, alikuwa ameshazikwa miaka miwili kabla ya kutia saini. Bi. Generosa hakumfukuza. Alimpeleka kwa mjane wa Mzee Mcha, akamkalisha mkekani, akamwambia aeleze alichofanya. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa mumewe alipokuwa hai alikuwa hasaini kitu, itakuwa leo. Kijana yule ni mtumishi mwema siku hizi, na kalamu haishiki ila ameombwa.

Alikuwa na miiko yake. Hakunywa chai kwenye nyumba anayokwenda kuuliza mpaka awe ameshauliza, kwa sababu, alisema, ukishakunywa chai ya mtu huwezi tena kumwuliza jambo zito. Hakukubali kuulizia barazani. Alipiga hodi, akaingia uani, akachuchumaa pale wanawake wanapochambua mchele, akaulizia huko. Somo lake la darasani, ambalo alianza kulifundisha mwaka 2001 baada ya kupandishwa kutoka upiga chapa, lilikuwa fupi kuliko masomo yote ya uanafunzi tuliyosoma. Alitufundisha namna ya kwenda msibani kwa jirani Mwislamu. Usihubiri, usijikunje pembeni kama mgeni, tafuta kazi: viti, maji, kuni, vyombo. Wengi wetu tumesahau Kiyunani chote tulichofundishwa pale Kiponda, lakini hakuna aliyesahau kutafuta kazi.

Sasa nifike pale ambapo katibu wa Kamati ya Kituo aliniomba nisifike. Aliniita ofisini wiki tatu zilizopita, akanishauri kwa upole kuwa wasifu uwe mchangamfu na "mambo ya Fumba" yasiguswe, maana wageni watakuwepo. Nilimpelekea Bi. Generosa ujumbe huo. Alinijibu kuwa kama Fumba haimo basi na yeye hayumo, tutafute mstaafu mwingine wa kumsherehekea. Nimemtii yeye. Kamati inaweza kunirudisha mwaka.

Mwaka 2014 tulikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa kutumwa, na ibada ilipangwa Jumapili ya tarehe 20 Julai. Mmoja wao alikuwa bora kuliko wote. Jina lake silitaji. Limo kwenye jalada la mahakama na hapo panalitosha. Alikuwa na sauti nzuri, alihubiri watu wakalia, na katika somo la malezi ya familia alipata alama za juu ambazo hazijawahi kufikiwa kabla yake wala baada yake. Alikuwa amepanga chumba Jang'ombe pamoja na mkewe, Veridiana, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Songea, aliyekuwa akiwasuka nywele wasichana wetu wa bweni siku za Jumamosi. Nilimfahamu. Alikuwa akisuka huku akiimba sauti ya tatu ya nyimbo za kwaya peke yake, zile mbili nyingine akatuachia sisi wapita njia tuzibuni.

Karatasi ya mumewe ilirudi imejaa. Nafasi zote tatu zilijazwa na wanaume wa barazani, na wote walisema kweli waliyoijua: anasalimia, anabeba viti msibani, anafaa. Bi. Generosa alikuwa na kawaida ya kwenda mwenyewe kuhakikisha kila karatasi, na kuongeza kumwuliza mwanamke mmoja wa nyumba ya karibu kabisa. Alikwenda Jang'ombe kwa ajili hiyo alasiri moja katikati ya Julai. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Alifika uchochoroni, akasikia sufuria, akaona moshi wa futari, akajua kuwa nyuma ya mlango ule kuna mwanamke aliyefunga anayepikia watu saba, na akaona haya kumpigia hodi saa ile kwa ajili ya karatasi ya kanisa. Akasema moyoni atarudi baada ya Idd. Idd ilikuwa baada ya ibada. Kijana alikuwa bora kuliko wote. Akatia saini.

Naomba wasomaji wasipite haraka hapo. Sisi Wakristo wachache wa kisiwa hiki tumelelewa kujua nyakati za wenzetu na kuziheshimu. Hatupiti tukila mchana mwezi huo, hatupigi hodi kabla ya adhana ya magharibi. Ni adabu, na ni adabu nzuri. Siku ile adabu nzuri ilimzuia mtu mwema kugonga mlango, na mimi katika miaka yote hii sijapata mahali pa kuuweka ukweli huo ukakaa ukatulia.

Kijana alitumwa Fumba, kwenye ushirika mdogo wa mafundi ujenzi waliokuwa wakisali katika banda la mabati. Alihudumu miezi minane. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata alimpiga Veridiana akafa.

Mahakama ilifanya kazi yake, na sina la kuongeza. Tulimzika Veridiana kwa heshima zote, na mahubiri yalikuwa marefu. Siku ya nne Bi. Generosa alikwenda Jang'ombe, akaingia uchochoro ule ule, akapiga hodi kwenye mlango aliouonea haya. Mwenye nyumba alikuwa Bi. Mwatima, mpika vitumbua, ambaye ukuta wake wa uani ulikuwa ndio ukuta wa chumba cha vijana wale. Bi. Generosa amenisimulia maneno aliyoambiwa, na ameniomba niyaandike kama yalivyo.

"Nlikuwa nnakungoja," Bi. Mwatima alisema. "Nlisikia watu wa skuli yenu mnakuja kuulizia majirani. Nkasema, akija huyo Bibi n'tamwambia yote, maana mie nnasikia kila kitu. Hukuja."

Aliporudi Kituoni aliandika barua kwa Kamati, ukurasa mmoja na nusu, akieleza alichofanya na asichofanya, na kuomba aondolewe kazini. Kamati ilikaa, ikamjibu kuwa inathamini utumishi wake, kwamba binadamu hukosea, na kwamba jambo hili tumwachie Mungu na lisizungumzwe nje. Katibu wa muda wa kikao kile nilikuwa mimi. Jibu lile nililiandika mimi, na sentensi ya kumwachia Mungu niliitunga mimi, nikaona nimeandika vizuri. Nalisema hapa kwa sababu kijitabu hiki ndicho pekee nitakachopewa kuandika kuhusu mtu huyu, nami sitaki kusimama pembeni yake nikiwa msafi kumshinda.

Alibaki. Alibadilisha karatasi. Tangu mwaka ule, nafasi ya tatu ni ya mtu anayepakana ukuta na mwanafunzi, na lazima awe mwanamke, na lazima aulizwe uani. Sisi tunaiita nafasi ya ukuta. Wanafunzi wanaiogopa kuliko mtihani wa mwisho, na wana haki. Katika hao sitini na watatu waliorudishwa, kumi na wanane walirudishwa na ukuta. Baadhi yao hawakurudi tena, na mmoja alitutukana hadharani kuwa tumewakabidhi Waislamu kanisa. Bi. Generosa alimsikiliza, akamwuliza mkewe anaendeleaje.

Na kila mwezi, Jumanne ya kwanza, alikwenda kwa Bi. Mwatima. Miaka kumi sasa. Alisaidia kuosha vyombo vya vitumbua, akanywa chai baada ya kuulizia hali, akarudi. Baada ya siku ile ya kwanza hakuomba msamaha tena, na Bi. Mwatima hakuwahi kusema kuwa amesamehe. Niliwahi kumwambia Bi. Generosa kuwa hilo ni kujitesa. Alinijibu kuwa yeye anaosha sufuria tu, na kuwa nisimfanyie theolojia.

Mwezi Aprili mwaka huu, tulipoanza maandalizi ya kumuaga, alikuja mezani kwangu na karatasi tupu, akaandika jina lake juu, akanipa. Mzee Mansour, fundi cherehani wa jirani yake Chukwani, angejaza nafasi ya kwanza. Bi. Salhiya wa nyumba ya nyuma angejaza ya pili. Ya tatu, nafasi ya ukuta, aliandika mwenyewe jina la Bi. Mwatima. Ukuta wangu ndio ule, alisema, sina mwingine. Akaongeza kuwa ikiandikwa "arudishwe", hataki hati, hataki kitenge wala hotuba, atakabidhi funguo na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Alijua hayo yanawezekana. Kwa miaka kumi amekaa na mwanamke yule na hakuwa na uhakika.

Mzee Mansour alinijibu kuwa mama huyo amempita dukani miaka ishirini, hajawahi kupita bila salamu, na mara moja alimwambia kuwa suruali ya mteja imepinda mguu, akapima, akakuta kweli. Anafaa. Bi. Salhiya alisema kuwa alipofiwa na mumewe, Bi. Generosa alikaa jikoni siku zote tatu za msiba akiosha masufuria, na watu wa kutoka shamba walirudi kwao wakiamini ni wifi yake. Anafaa. Nafasi ya tatu niliiogopa. Niliahirisha Mei yote, nikijipa visingizio, na kimojawapo, Mungu anisamehe, kilikuwa kwamba Idd ya kuchinja imekaribia.

Nilikwenda Jang'ombe Jumatatu iliyopita, tarehe 23, asubuhi. Bi. Mwatima ni mzee sasa, macho yamepungua, lakini bado anapika vitumbua na bado anavigeuza kwa kusikia mlio wa mafuta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kibao cha kukalia. Nikatoa karatasi, nikaanza kueleza.

"Kumbe na yeye anapimwa," alisema. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hiyo karatasi weka chini. Ukuta huu unauona? Chumba kile kimepangishwa tena tangu baada ya Idd. Mume na mke. Mke katoka Makunduchi, mdogo, hana hata shangazi hapa mjini. Mie nshasikia mara tatu."

Nilikimbilia la kiofisi. Nikamwuliza kama watu hao ni wa kanisa letu.

"Wa kanisa lenu wa nini? Ni watu," alinijibu, na sauti yake haikupanda. "Na mie nlikuwa na miguu wakati ule. Kiponda si Pemba. Nlikaa hapa nkangoja aje aniulize. Yeye kangoja Idd, mie nkamngoja yeye, mtoto wa watu akafa. Miaka kumi anakuja kunioshea vyombo, na mie najua anataka nini, nashindwa kumpa kwa sababu na mie nnakitaka. Basi mwambie aje leo. Si Jumanne ya kwanza. Leo."

Nilitoka pale nusu nikikimbia, mtu wa kilo tisini na viatu vya ngozi. Nilimkuta Bi. Generosa chumba cha chini Kituoni, akiwa amesimama juu ya kigoda, fundi akimpima gauni la sherehe. Nilimweleza kwa pumzi moja. Alishuka, akachukua mwavuli, akatoka na gauni lile lile, mkono mmoja umeshonwa na mwingine umeshikwa kwa pini, na fundi akabaki akiita.

Nilikuwa nyuma yao walipopiga hodi kwenye chumba kile. Nasema yao, kwa sababu Bi. Mwatima alikuwa ameshajifunga kanga na kusimama mlangoni kumngoja, na walikwenda wawili wameshikana mikono, kwa kuwa mmoja haoni vizuri na mwingine magoti yamekwisha. Ilikuwa saa sita mchana. Mlango ulifunguliwa nusu. Binti alikuwa amejitanda kanga usoni kwa namna ambayo hakuna mtu anayejitanda ndani ya nyumba yake, na mkono wake wa kushoto aliubeba kwa wa kulia. Bi. Generosa, mwanamke aliyeuliza watu maswali miaka thelathini na miwili, hakumwuliza lolote. Alisema tu, "Twende, mwanangu," na Bi. Mwatima akasema vile vile, na binti akaangalia nyuma mara moja, akatoka.

Hospitali wamemfunga mkono. Polisi wamechukua maelezo, na sheha, mkuu wa mtaa, amearifiwa. Mpaka ninapoandika, Alhamisi mchana, binti yule yuko kwa Bi. Mwatima, upande wa pili wa ukuta, na Bi. Generosa amelala huko siku tatu. Mume amekuja mara mbili kumtaka mkewe. Mara ya pili alikuja na wazee wake, watu wenye heshima na maneno matamu, waliosema kuwa ndoa ina kustahamiliana na kuwa mambo ya ndani yasitolewe nje. Nilipowasikia nilishtuka, kwa sababu nilizijua sentensi zile. Niliwahi kuandika mojawapo kwa mkono wangu.

Sheha amewaita wote Jumamosi tarehe 28, saa nne asubuhi. Kaka wawili wa binti wanatoka Makunduchi, na haijulikani wakifika watasema nini, kumchukua dada yao au kumrudisha kwa mumewe ili kulinda jina. Bi. Mwatima anasema watasikiliza wakubwa, na wakubwa wa upande wa pili ni wengi. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, sherehe yetu imepangwa kuanza. Nilikwenda kumwuliza Bi. Generosa kama tuisogeze. Aliniambia tusisogeze kitu, wageni wameshaalikwa na pilau imeshaagizwa.

Jana nilirudi na karatasi. Nilikuwa nimeshasahau kwa nini niliibeba mara ya kwanza, lakini Kamati inaidai, maana bila nafasi ya tatu mwenyekiti hatii saini. Bi. Mwatima alikuwa akimlisha binti uji kwa kijiko. Aliniambia niandike, yeye atie dole gumba. Nikamkumbusha kuwa majibu ni mawili, anafaa au arudishwe. Akasema hayo ya skuli hayajui.

"Andika hivi," alisema. "Safari hii kaja."

Nimeandika hivyo, na dole gumba lake lipo chini, na unga wa mchele kidogo. Kamati ilikaa leo asubuhi. Katibu amesema jibu hilo halimo kwenye kanuni, na kweli halimo. Hati ya heshima bado ipo mezani kwangu. Kijitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa saa kumi, na sitaweza kuwaambia kama ilitiwa saini.

Basi Jumamosi, mtakapokuwa mmekaa ukumbini mkisoma haya na kukuta kiti cha mbele chenye maua hakina mtu, msimtafute na msimpigie simu. Kuleni pilau. Yeye yuko Jang'ombe kwa sheha, na gauni lile lile, amekaa kati ya binti wa watu na wale watakaomtaka arudi. Wanawake waliopo ukumbini wenye miguu mizima wanajua njia, na mimi baada ya kusoma wasifu huu sitakuwepo kusikia hotuba.

Bi. Generosa, Kituo kinakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, kwa karatasi mia nne na kumi, na kwa ile moja uliyokataa tuifiche. Mimi nakushukuru kwa kunirudisha mwaka. Tunakutakia magoti yasiyouma na mwavuli usiopinduliwa na upepo, na huko Chukwani usingizi ulioukosa tangu mwaka ule. Na kila utakapoitwa tena na mwenye ukuta, Ramadhani au Idd, tunakutakia ufike mapema.

Fidelis Mtipa
Mkufunzi wa Maandiko, aliyerudishwa mwaka 2009